Marehemu Elisante Shemweta, Aliyefuata Madumu Nje ya Geti

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Marietha. Marehemu aliagiza lisisomwe jambo lisilo na shahidi. Mashahidi wengi mmekaa hapa.

Marehemu Elisante Yeremia Shemweta alizaliwa Kwehangala, Bumbuli, tarehe 9 Agosti 1968, mtoto wa pili wa Mzee Yeremia na Mama Elinuru. Cheti chake cha kuzaliwa kilionyesha mwaka 1970. Hakukiamini mpaka alipokwenda usharikani kusoma daftari la ubatizo kwa macho yake, akakuta ameongezeka miaka miwili, akaikubali.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari Lushoto, na stashahada ya kilimo Morogoro, aliyoipata mwaka 1992. Mwalimu wa hesabu alimwita "Nani Kasema", kwa kuwa ndilo lilikuwa swali lake la kila siku.

Mwaka 1993 aliajiriwa Kiwanda cha Chai Mlalanga, na mwaka 2011 akawa afisa mazingira. Kiwanda kilikuwa na mfumo wa usimamizi wa mazingira, cheti kikiwa ukutani. Kila mwaka marehemu alisaini fomu kwamba madumu matupu ya dawa ya magugu yameharibiwa. Juni 2016 alikwenda kumpa pole mchuma chai, Mama Saumu, aliyekuwa amefiwa. Akakaribishwa togwa. Alipoona dumu ilimotoka togwa hiyo, la bluu, lebo imekwanguliwa, aliweka kikombe chini.

"Dumu hili umelipata wapi, mama?"

"La kiwandani, afisa. Tunagawiwa. Nimeliosha kwa majivu mara tatu."

Alirudi hamwamini mtu, kwanza yeye mwenyewe, maana saini ilikuwa yake. Wiki tatu aliifuata chai tangu kitaluni: mbolea, dawa, kuni za kukaushia, hadi pakiti inapotupwa, akiandika kila kitu kinatoka wapi na kinaishia wapi. Kaya kumi na tisa zilikuwa na madumu yale jikoni.

Meneja alimwambia, "Shemweta, kikishatoka getini si chetu. Cheti ni cha kiwanda."

"Tuliagiza sisi, meneja. Kilikuwa chetu hata kabla hakijafika. Kinaachaje kuwa chetu kikitoka?"

Fomu ya mwaka ule hakuisaini. Akahamishiwa ghala la Mazinde. Alikaa huko miaka miwili akiandika barua za kupendekeza madumu yafanyweje, kwa uongozi na kwa wanunuzi wa chai, kila moja kwa nakala tatu, na hakumpa dereva yeyote wa kiwanda aipeleke. Mwaka 2018 wakaguzi waliotumwa na wanunuzi waliuliza dumu likiisha linakwenda wapi. Ofisi nzima haikuwa na jibu, ndipo akarudishwa. Tangu hapo madumu yanasuuzwa, yanatobolewa na kurudishwa kwa muuzaji, na Mama Saumu na wenzake walipewa ndoo mpya. Hata hivyo aliendelea kupanda juu ya lori kuhakikisha matundu yapo.

Alifunga ndoa na Eliaichi tarehe 14 Desemba 1996. Wifi anasema alichumbiwa mwaka mzima na mtu aliyetaka kujua kama anapendwa au anahurumiwa tu.

Novemba 2023 figo zilianza kushindwa. Wapo waliosema ni zile dawa. Wapo waliosema alilishwa kitu kwa sababu ya barua zake. Mimi nilishuku yote mawili, nikamwambia.

"Umeona kipimo, Marietha?"

"Sijaona, kaka."

"Basi usiandike kwamba unajua."

Kwa hiyo naandika kwamba nashuku, na sijaacha. Alifariki Bumbuli, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana uongozi wa kiwanda ulituletea aya moja tuiweke hapa, kwamba utaratibu wa madumu ulibuniwa na uongozi, marehemu akiwa msimamizi tu. Familia imeshukuru kwa rambirambi. Aya hatukuiweka. Nakala za barua anazo Eliaichi, na anayetaka kuzisoma anakaribishwa nyumbani baada ya mazishi, meneja akiwemo.

Ameacha mjane, Eliaichi, watoto wawili, Jonas na Upendo, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake.

Mungu ampokee kaka yetu na kumpa pumziko ambalo yeye hakujipa. Kazi ya kuuliza ametuachia sisi.