Mizunguko Saba Kando ya Maharage

Tulikuwa juu ya mizigo, nyuma ya fuso lililotoka sokoni Kibabi, mama mmoja alipomgeukia katekista aliyekaa karibu naye.

"Papa, saba mu Biblia iko na maana gani?"

"Saba njo hesabu ya Mungu, ya kitu yenye kutimia," alijibu upesi, kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu asubuhi.

"Basi mimi nilizunguka shamba ya jirani siku saba, na ile ya mwisho mara saba, sawa ile ukuta ya Yeriko yenye kuanguka. Nilikuwa naomba maharage yake ikauke, juu alisogeza mupaka akaingia kwangu."

"Ikakauka?"

"Ilizaa kuliko miaka yote."

Mimi pia nina jirani. Nikatazama milima.

"Mama, Yesu alisema kusamehe sabini mara saba. Ile hesabu haukuiona?"

"Niliiona, Papa. Ilikuwa mingi."

Mama akavuta kitenge mpaka machoni. "Na mubaya zaidi, alikuwa ananiona. Alizani namuombea baraka. Haya maharage nimekalia, njo yeye alinipa ya kunishukuru. Nilishindwa kuyakula. Leo nimeyapeleka soko, nikashindwa kuyauzisha."

Fuso likasimama Karuba. Chini, mwanamke mmoja alinyoosha mikono apokee gunia la mama, akitabasamu.

"Mama wetu wa maombi! Kesho tunapanda tena. Utakuja kutuzungukia shamba?"