Chuo Kikuu cha Kukamua

Benchi la Ishmael Mnubi, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa duka la vitambaa, ng'ambo ya stendi ya basi mjini Kisii, na mwenye kulikalia humwona kila anayeondoka na kila anayerudi. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1972, ukungu ukiwa bado umelalia kilima cha Nyanchwa, Zachariah Ombati alikuwa ameipa stendi mgongo. Wenzake humwita Gredi, maana ndiye mtu wa kwanza kijijini kwake kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Nyuma yake huko, binti yake Nyanchera alisimama na mamake kando ya basi la Nairobi, sanduku miguuni. Alikuwa anakwenda Mombasa kupanda meli, aende India, kwenye chuo kikuu cha kanisa. Babake alikuwa ameapa kutomsindikiza, hata kwa macho. Alikuwa na hasira, tena ile hasira mbaya ya mtu anayempenda anayemkasirikia.

— Eleza polepole, Gredi, — alisema Jaji. Huyu alikuwa mkalimani wa korti, na tangu astaafu kila jambo kwake ni kesi. — Mshtakiwa ni nani? Ni msichana ama ni chuo?

— Ni chuo! Jana msichana amenisomea masharti yao. Karo ni nusu pesa, nusu jasho. Kila mwanafunzi lazima afanye kazi ya mikono. Mwingine jikoni, mwingine shamba. Mtoto yangu wamemuandika zizini. Akamue ng'ombe!

— Ng'ombe?

— Ng'ombe! Mimi nimeuza ng'ombe yangu nimlipie meli, ndio aende akamue ng'ombe ya watu? Si ningebaki tu na ng'ombe yangu na mtoto yangu, wote wawili nyumbani?

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Ishmael aliwaongezea kahawa bila kuulizwa.

— Kanisa haikosi sababu, — alisema Dikoni. — Hiyo chuo si ya serikali. Serikali inakula kodi. Chuo ya watu binafsi itakula nini, kama si maziwa? Tena wako na sheria kali. Nyama hakuna, dansi hakuna, na kahawa ndiyo dhambi kabisa.

Akakitoa kikombe chake chini ya kofia, akapiga funda, akakirudisha kofiani. Dikoni ni Ratemo, fundi wa nguo na shemasi wa Kisabato. Kahawa huinywa kama dawa ya kifua, kifua ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kikikohoa.

— Na anaenda kusomea nini? — Jaji aliuliza.

— Hesabu.

— Sasa hesabu na ng'ombe zinakutana wapi?

— Kwa chuchu, — alidakia Bama kutoka mwisho wa benchi. — Unahesabu chuchu. Ukifika nne, unapewa digrii.

Wote wakacheka isipokuwa Gredi.

— Cheka tu, — alisema. — Hiyo mikono nimeitunza kama mayai. Tangu aingie darasa la kwanza sijakubali ashike hata kibuyu cha maziwa. Mamake akipiga kelele, namwambia, wacha, hiyo ni mikono ya kalamu.

— Gredi, mimi India nimefika, — Bama alisema, akakaa wima. Jina lake ni Ogari, na alipigana vita vya Burma. India aliipita ndani ya treni, amelala na malaria, na pale benchini kila mtu anajua hivyo. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya India yake, kwa sababu vita vile havikumwachia kitu kingine cha kusimulia. — Huko ng'ombe akilala barabarani, gari inazimwa. Ng'ombe ni mkubwa kushinda DC! Hawezi kukamuliwa na mtu hivi hivi tu. Huyo msichana wamempa cheo!

— Napinga, — alisema Jaji. — Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wanafunzi wanawekwa zizini mapema, kabla hawajavunjika. Ni sheria ya kuzuia ajali.

— Hapana, hiyo ni dawa ya uchumba, — Dikoni alisema. — Msichana akinuka zizi kila asubuhi, kijana gani atamwandikia barua?

— Kwetu Gusii? — alisema Jaji. — Akinuka ng'ombe, ataolewa kesho!

— Na niwaambie, — Bama aliendelea, maana hakuna wa kumzuia tena, — hizo ng'ombe za chuo nazo zimesoma. Ukimwambia kwa Kiingereza inua mguu, anainua.

— Na ukimtukana kwa Ekegusii?

— Anakupeleka kwa mwalimu mkuu!

Basi likapiga honi. Mabega ya Gredi yakashtuka, lakini shingo yake ikakataa kugeuka. Wenzake waliona, wakajifanya hawakuona.

Mama mmoja alivuka kutoka stendi, kikapu cha ndizi mkononi. Alikuwa Orpah wa Nyaramba, anayesafiri na basi lilelile kumwona mumewe Nairobi. Alikuja kutafuta kahawa ya njiani.

— Bwakire, wazee. Mnaongea juu ya huyo msichana wa India? Tumesalimiana naye pale. Ni mtoto mzuri, lakini anaogopa hiyo kazi ya zizi. — Akapuliza kikombe. — Kwani anajua kukamua?

Dikoni aliangalia ndani ya kofia. Bama, mwenyeji wa India nzima, alianza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Akilini Gredi alimwona mtoto wake kabla ya jua kuchomoza, ng'ambo ya bahari, mbele ya ng'ombe asiyemjua, ndoo mkononi, wenzake wakimtazama. Binti ya mfugaji, na hajui pa kushika. Hasira ikamtoka yote, ikamwingia hofu, na hofu ilikuwa nzito kuliko hasira. Akainuka, akavuka barabara mbio, koti likimpiga mapajani.

— Tata, — alisema Nyanchera, macho mekundu. — Nilidhani hutakuja.

— Lete mkono.

Alidhani ni mkono wa kwaheri. Babake akamtia kidole gumba katikati ya kiganja.

— Hii ndiyo chuchu. Usivute, ukivuta atakupiga teke. Bana hapa juu kwanza. Halafu shusha vidole, moja moja. Hapana, unaniumiza! Tena. Eeh. Na ukifika kwake, mwambie jina lako kabla ya kumshika. Ng'ombe hapendi mtu asiyemjua.

Nyanchera alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akimkamua babake kidole mbele ya abiria wote. Kondakta akagonga bati la basi.

— Mzee, tunaenda!

— Ngoja wewe! — alisema Gredi, akatoa kidole gumba cha pili. — Bado mkono wa kushoto.