Athanas Kobelo, Bwana Mifugo Aliyetukanyagisha Dawa

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Nyandira, poleni; anayesoma ni Amosi, mdogo wake wa kumfuata, na nikikwama mnivumilie.

Athanas Paulo Kobelo alizaliwa hapa Nyandira tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1977 hadi 1983, akapata cheti cha mifugo mwaka 1990, akawa bwana mifugo wetu hadi alipougua. Alifunga ndoa na Joyce tarehe 8 Julai 1995, wakajaliwa Upendo na Gabrieli.

Juni 2016 uliingia ugonjwa wa miguu na midomo, nasi kama kawaida yetu tukawa tunakwenda kundi zima kumpa pole mfiwa wa ndama, tunaingia bandani kumwona mnyama, tunarudi kwetu na viatu vile vile, na Athanas, mtaalamu wetu, alitangulia kuingia, maana aliona haya kukataa. Ndani ya wiki tatu mabanda kumi na moja yaliambukizwa, ndama tisa wakafa, na ng'ombe pekee wa Mwajuma, jirani yetu mjane, hakutoa maziwa tena. Athanas alisimama mkutanoni akasema ugonjwa ule ameutembeza yeye kwa buti zake, nami nikamgombeza kwamba anajichafulia jina bure.

Tangu hapo alifundisha wafugaji hadi Dumila na Gairo, samadi itoke kila asubuhi, ng'ombe mgeni atengwe wiki tatu, beseni la dawa ya kukanyaga, ya kuua vijidudu vya viatuni, liwe mlangoni, na pole itolewe nje ya banda. Alichekwa sana, na mimi, jamani, nililiruka beseni lake makusudi, hata mwaka 2023 nilipofiwa na ndama wawili, akaja kunipa pole akiwa amesimama barabarani, nikamchukia kwa kutoingia, na leo naona aibu.

Januari mwaka huu aligundulika na saratani ya ini, akafariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri. Siku tatu kabla aliniagiza nisimame getini msibani kwake na beseni la dawa, maana ugonjwa umesikika tena huko bondeni, na ng'ombe wake wanne ndio riziki aliyomwachia Joyce. Basi mlionuna nilipowakanyagisha dawa, mnisamehe, hilo lilikuwa agizo lake la mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kata, majirani wote, na Mwajuma, aliyefika wa kwanza akakanyaga dawa bila kuambiwa.

Kaka, ng'ombe wamekamuliwa, banda limefungwa, hakuna aliyeingia. Pumzika kwa amani.