Dada Aliyewaamkia Wazee kwa Simu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome, na nikikwama naomba mnivumilie.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Muuguzi wa Simu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1988, akahitimu uuguzi Novemba 1996, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika zahanati ambayo hakuihama mpaka mwisho. Alifunga ndoa na fundi saa tarehe 12 Juni 1999, wakajaliwa mabinti wawili, wale pale mbele walioshikana mikono.

Mwaka 2017 zahanati ilianza kuwakumbusha wagonjwa wa shinikizo la damu dawa zao kwa ujumbe wa simu, kwa maandishi, kwa lugha ambayo wazee wetu hawaisomi, wakawa wanawapa wajukuu waufute wakidhani ni tangazo. Dada akaurekodi upya kwa sauti yake, kwa lugha yetu sisi wachache, akaanza kwa kuamkia, akanyamaza kidogo mzee apate kuitikia, ndipo akataja kidonge. Mafundi wa mitambo walilalamika kwamba kimya kile kinakula muda bure, akawajibu kuwa mzee haambiwi habari za dawa kabla hajaamkiwa, na ubishi wake mnaujua, wakanyoosha mikono. Mama yetu alikuwa wa kwanza kuandikishwa.

Februari 2021 dada naye alikutwa na shinikizo la damu. Mwandikishaji wa namba za simu pale zahanati ni mimi, nikaiingiza yake, siku ya tatu akanipigia akicheka, akasema, "Mdogo wangu, nitoe bwana, siwezi kujiamkia mwenyewe kila asubuhi kama nimechanganyikiwa." Nikacheka naye, nikamtoa. Ninalisema mbele yenu kwa sababu linanichoma, nilimtoa mimi. Tarehe 3 mwezi huu alipatwa na kiharusi akiwapima watoto uzito, akafariki tarehe 5 saa kumi jioni, na katika mkoba wake wa kazi tulikuta vidonge vya miezi miwili, havijafunguliwa.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye siku zote mbili, majirani waliotulazia wageni, na wafanyakazi wenzake, ambao tunawasihi wasiizime sauti yake. Leo saa moja asubuhi, jeneza likiwa sebuleni, simu ya mama iliita, dada akamwamkia, akanyamaza kama kawaida yake, na mama akasema, "Marahaba, mwanangu," akaomba maji, akameza.

Pumzika kwa amani, dada, wa kukuitikia bado tupo.