Fundi Pindo na Sindano Zilizosemwa Kuwa ni Zake

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mama, naomba mnivumilie, mimi ni binti yake, mtoto wake pekee, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pindo. Historia hii iliandikwa kwanza na mjomba, kaka yake mama, mimi nikaijaza tarehe kutoka kwenye vyeti na kadi zake, kisha juzi Alhamisi asubuhi baba akaisoma, akafika kwenye aya inayohusu uzazi, akaomba kalamu, akaifuta yote na kuanza upya kwa mkono wake, akasema kama hiyo haitasomwa basi historia yenyewe isisomwe, kwa sababu hawezi kumzika mke wake na kosa lisilo lake. Nikiifikia nitawaambia.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1973, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee aliyekuwa mlinzi wa stoo ya reli na mkewe aliyekuwa mkunga wa zahanati, akakulia katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana, nyumba ya pili kutoka bombani. Alianza shule mwaka 1981 na kumaliza darasa la saba mwaka 1987, akashika nafasi ya nne, ila masomo yakaishia hapo kwa kuwa babu alivunjika nyonga mwaka huohuo, na mama mwenyewe alipokuwa akilizungumzia jambo hilo alisema tu kwamba shule ilimwacha kituoni.

Mwaka 1989 alianza kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja mzee jirani na kituo cha mabasi, akafuzu mwaka 1992, na hapo ndipo alipopata jina la Pindo, kwa kuwa alikuwa anaweza kufumua pindo la sketi nzima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, mteja akiwa amesimama na kulalamika kwamba hakuna atakayeuona, naye akimjibu, "Mimi nimeshauona, dada yangu, nitalalaje?" Kuanzia mwaka 1995 alikuwa na chumba chake cha kazi, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na picha ya kipimo cha mabega aliyoichora ukutani kwa chaki, na katika chumba hicho alishona sare za shule tatu na kufundisha wasichana kumi na mmoja, tisa kati yao mnawaona wamekaa pale kulia.

Tarehe 27 Septemba 1997 alifunga ndoa na baba yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wenzake kazini walimwita Kidevu kwa utani, maana alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono kama nguzo lakini kidevu chake kilikuwa laini kama cha mtoto, wakawa wanamwambia, "Kidevu, leo umenyolewa na nani, mbona hajaacha hata udevu mmoja?" Baba alikuwa akicheka nao. Mama alimpenda hivyohivyo, na alisema mwanamume asiyechoma shavu ni neema.

Sasa nimefika kwenye aya ya baba. Mjomba alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa na tatizo la uzazi kwa miaka tisa, akatibiwa kwa sindano za homoni, akajaliwa mtoto. Ndivyo mlivyojua ninyi nyote, ndivyo nilivyojua na mimi mpaka juzi. Baba anasema sivyo.

Ni kweli kwamba mama alichomwa sindano, kati ya Februari na Julai 2002, katika kliniki ya uzazi, raundi tatu, kila raundi sindano moja kwa siku chini ya kitovu kwa siku kumi au kumi na mbili, ili mayai yakomae, akipigwa picha ya tumbo kila baada ya siku chache, kisha sindano ya mwisho ya kuyaachilia mayai, na tumbo lilimvimba mpaka akawa anashona amesimama. Kila raundi madaktari walifurahi kwamba mayai yamekomaa vizuri kabisa, na kila raundi mimba haikuingia, na kadi ile, ambayo ninayo hapa, ina upande wa mke uliojaa maandishi mbele na nyuma, na upande wa mume ambao kwa miaka miwili hakuna aliyeandika hata herufi moja. Baba alikuwa akimsindikiza kila mara, akikaa kwenye benchi la nje, na hakuna aliyewahi kumwita aingie.

Agosti 2004 alikuja daktari mpya, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, akaigeuza kadi, akachungulia dirishani, akauliza, "Na huyu bwana aliyekaa nje, yeye amepimwa lini?" Baba akapimwa, akakutwa hana mbegu hata moja, na walipochunguza damu wakagundua kwamba tezi iliyoko chini ya ubongo haikuwa ikitoa homoni za kuuamuru mwili utengeneze mbegu, na kwamba kidevu kile kilichochekewa miaka yote ndicho kilichokuwa kikitoa taarifa. Daktari alimwambia, "Kiwanda chako ni kizima, mzee, wafanyakazi wapo, ila kengele ya kuingia kazini haijawahi kupigwa, na sindano hizi ndizo kengele, lakini utachomwa mwaka mzima, pengine miwili, una moyo huo?" Baba anasema hakuwa nao. Mama ndiye aliyejibu kwamba wanao.

Jumatatu tarehe 11 Oktoba 2004 walianza, sindano tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na baada ya miezi sita ikaongezwa ya aina ya pili. Muuguzi alimfundisha mama kuchoma kwa kutumia chungwa, mama akamwambia, "Sista, kazi ya sindano naijua, tofauti ni kwamba nguo hailalamiki." Baba anayekaa mbele ya moto wa kuchomelea kutwa nzima alikuwa akifumba macho na kushika ukingo wa meza ya kukatia, mama akimwambia, "Tulia, mume wangu, napiga pindo tu." Vichupa vilihitaji baridi, nao hawakuwa na friji, wakamwomba jirani muuza soda awawekee, na yeye kwa wema wake akawa anaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi, dawa zako za mtoto zipo, njoo uchukue!" Mtaa mzima ukajua kwamba Fundi Pindo bado anachomwa, na mama hakusahihisha.

Jumapili tarehe 20 Machi 2005 bibi, mama yake baba, alikuja na shangazi kuzungumza na baba kuhusu mke wa pili. Shangazi yupo hapa, na jana nilimuuliza kama nisome aliyoyasema, akaniambia nisome, naye siku ile alisema, "Kaka, cherehani ya wifi inashona kila kitu isipokuwa mtoto, na tasa ni tasa hata umchome sindano za dunia nzima." Baba akavuta pumzi aseme ukweli, na kabla hajafungua mdomo mama akapiga magoti mbele ya bibi, akasema, "Mama, tatizo ni langu, nipe mwaka mmoja." Walipobaki wawili baba alimuuliza kwa nini, mama akamwambia kwamba yeye neno hilo ameshalivaa miaka saba na limeshamkaa, ila baba wangemwita jina ambalo asingeweza kulivaa na kwenda nalo kazini.

Baba akanyamaza. Ameandika hapa, nami nasoma, kwamba alinyamaza siku hiyo kwa sababu ya mshtuko, na miaka kumi na minane iliyofuata kwa sababu ya raha.

Katikati ya mwaka huo ndevu zikaanza kumwota akiwa na miaka thelathini na minne, wenzake wakashangilia wakisema ndoa imemkubali, na Februari 2006 mama akapata mimba, akanizaa tarehe 2 Novemba 2006. Watu wakampongeza kwa kupona. Bibi alifariki mwaka 2015 akiamini kwamba mkwewe alikuwa tasa aliyehurumiwa.

Mimi najivunia mama kuliko ninavyoweza kuandika, lakini ningependa angeniambia, kwa sababu nilipokuwa darasa la tano wenzangu waliniita mtoto wa sindano, nikarudi nyumbani nikamuuliza kwa hasira tumbo lake lilikuwa na kasoro gani, naye akaendelea kukanyaga cherehani, akasema, "Wewe umetoka mzima, inatosha."

Mwaka 2021 aligundulika kuwa figo zake zimechoka kutokana na shinikizo la damu la muda mrefu, na daktari ameniomba nieleze wazi kwamba ugonjwa huo haukuletwa na sindano za mwaka 2002, kwa kuwa maneno hayo yamesikika hapa msibani tangu juzi. Machi 2022, nikiwa kidato cha pili, niliacha shule ili nimpeleke kusafishwa damu mara mbili kwa wiki baba akiwa kazini, mama akalia siku hiyo kuliko siku aliyopewa majibu yake. Aliendelea kukata vitambaa akiwa amekaa kitandani mpaka Julai mwaka huu, na Jumanne tarehe 15 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa wodini na baba amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, daktari yule wa miwani ya kamba ambaye amestaafu na amekuja, jirani yetu muuza soda, mafundi wenzake walioshona sare zilizobaki ili shule zisicheleweshwe, wachomeleaji waliotengeneza mabenchi mnayokalia, na shangazi yangu, aliyeniruhusu.

Baba hakuweza kusoma mwenyewe, ila amesimama hapa karibu na jeneza ili mumwone ninaposoma mstari wake wa mwisho, usemao, "Mke wangu hakuwa tasa hata siku moja, mgonjwa nilikuwa mimi, na kila mliyemsikia akimwita hivyo nami nikiwapo, alikuwa akiita jina langu."

Pumzika sasa, mama, kwa amani, hilo neno tumekuvua.