Mama Vyeti Akabidhi Seva

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii, fundi mkuu wa kompyuta, tunayemwita Mama Vyeti, anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo halihusu vyeti vya shule. Vya shule anavyo viwili, na hajawahi kumwonyesha mtu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ni yeye peke yake aliyesoma kitabu cha maelekezo mpaka mwisho. Kwa kosa hilo akapewa kazi ya maisha.

Kwa miaka mingi seva yenye mafaili ya wagonjwa, iliyo chumba cha mwisho baada ya wodi ya wazazi, ilisimamiwa kwa kuifuata ilipo. Siku ya harusi ya mdogo wake iligoma. Alikuja na nguo zake za sherehe, akaiwasha, akarudi na kukuta wageni wanakunja viti. Jumatatu yake alianza kutengeneza njia ya kuisimamia kwa mbali.

Angeweza kuweka neno la siri tu, yakaisha. Alikataa, kwa kuwa neno la siri la hospitali wakati huo lilikuwa limebandikwa mapokezi. Alichagua vyeti vya kidijitali: seva ionyeshe chake, ijulikane kuwa ni yenyewe, na kompyuta ya anayeingia ionyeshe chake, kilichotiwa sahihi na Mama. Asiye na cheti hafunguliwi, hata awe na neno la siri. Cheti chake cha kwanza alikipa muda wa mwaka mmoja, akasahau. Mwaka ulipotimia seva ikamfungia nje yeye mwenyewe, akaifuata kwa miguu.

Mwaka juzi mkurugenzi aliibiwa begi kituo cha basi, likiwa na kompyuta yake na karatasi yenye neno la siri. Alimpigia simu Mama Vyeti, na kabla hajafika kwenye rangi ya begi, cheti cha kompyuta ile kilikuwa kimeshabatilishwa. Jioni hiyo mtu alijaribu kuingia mara kumi na saba. Hakupita, na maradhi ya watu yakabaki siri yao.

Asubuhi mkurugenzi aliomba atumie kompyuta ya shemeji yake, kwa siku hiyo tu.

"Mkubwa wangu, mimi nakuheshimu," Mama alimjibu, "lakini seva haikujui."

Mkurugenzi alinuna siku tatu. Ya nne alikuja kuomba cheti kipya, akajaza fomu kama sisi wengine.

Ijumaa iliyopita, baada ya kutukabidhi kazi, Mama alibatilisha cheti chake mwenyewe, kisha akajaribu kuingia. Seva ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa tena. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Vizuri," alisema. "Inafanya kazi."

Mama, ahsante. Ukaishi vema na wanao na wajukuu, wenye afya nyote, na simu ya kazi uiache hapa mezani.