Bia Isiyo na Kilevi na Afya ya Mume Wangu

Mheshimiwa Meya Förtsch. Baba Paroko, uliyetubarikia mitambo asubuhi hii. Bwana Düsel, mwenye kiwanda. Ndugu wazima moto, ambao leo nawaona mmekaa wima hata baada ya chakula cha mchana. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Nimeombwa niseme machache kama mke wa Lothar Hümmer, aliyetengeneza bia ya kijiji hiki tangu ujana wake, na ambaye picha yake imebandikwa pale mlangoni juu ya maneno "Ladha ileile, afya zaidi." Picha nzuri, anatabasamu. Yeye mwenyewe hayupo, na Bwana Düsel amewaambieni kwamba amepumzika kidogo. Asante kwa adabu hiyo, Bwana Düsel. Lothar yuko hospitali anatibiwa ulevi, kwa mara ya pili.

Leo tunafungua jengo la bia isiyo na kilevi. Je, ina afya kuliko ile nyingine? Inayo, sikuja kubisha. Binti yangu anaendesha gari salama akitoka harusini, wakimbiaji wanaipokea mwisho wa mbio, na Mheshimiwa Meya tangu aanze kuinywa koti lake limeanza tena kufungika vifungo. Lakini nauliza, maana sikusikia aliyeuliza: afya ya nani?

Mnakumbuka Lothar alipoacha pombe. Zaidi ya mwaka mzima alikuja baa kwenye meza yenu ya kila Jumapili akakaa na glasi ya maji. Na kwa kuwa hapa kwetu kugonga glasi na mwenye maji ni kutakiana kifo, mliinua bia zenu, mkagonga, mkamruka. "Si ubaya, Lothar," rafiki yake Wendelin alimwambia. "Tunakupenda, ndiyo maana hatugongi na wewe." Alikuwa akirudi nyumbani anavua viatu, anakwenda moja kwa moja kulala.

Ndipo likaja pipa la majaribio la bia hii isiyo na kilevi. Wendelin, usiinamishe kichwa, nayarudia tu maneno yako: "Kunywa, kaka! Haina kitu hii, mkate wa kunywa tu! Daktari wako akionja atakuandikia dawa hii hii!" Nikakwambia umwache. Ukanijibu, "We Gunda nawe! Mtu anakunywa afya, unamnunia?" Mkagonga naye. Mume wangu alitoa machozi, jamani, na hakuwa analilia bia. Alilia kwa sababu glasi zenu zilikuwa zimeigusa yake.

Sheria inaruhusu kilevi kidogo mno humo ndani, na si hicho kilichomwangusha. Ni povu, ni harufu, ni uchungu ule ule ulimini, na mkono uliozoea kuinuka ukainuka tena. Bwana Düsel, unajivunia kwamba hakuna awezaye kuzitofautisha bia zako mbili. Kweli kabisa, hongera. Kabla viazi havijavunwa Lothar naye alikuwa hazitofautishi, wala aliyemmiminia hakuangalia anafungua bomba lipi. Hakuna aliyemtakia mabaya. Mngekuwa mmemtakia mabaya ningewachukia nikapata usingizi.

Bango lile naomba lishushwe kabla wageni hawajaanza kupigia picha. Kiuzeni kinywaji chenu kwa wenye afya, mkiuze sana, ila si kwa sura yake.

Ijumaa anarudi. Atakuja mezani kwenu, maana hana marafiki wengine ila ninyi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akiagiza maji, mpeni maji, na mgonge naye. Na kama mnaogopa kwamba kifo kitakuja kukaa nanyi, msihofu: kilishakaa hapo siku nyingi, na ninyi ndio mliokuwa mkikimiminia.

Asanteni kwa kuniacha nimalize.